Kwa nini Gena Rowlands alikataa kuicheza jukwaani nafasi aliyoandikiwa na mumewe?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwigizaji wa Marekani Gena Rowlands alimwomba mumewe, mwandishi na mwongozaji wa filamu John Cassavetes, amwandikie mchezo wa kuigiza kuhusu magumu wanayopitia wanawake wa zama zao. Cassavetes akauandika. Rowlands akausoma, akaupenda sana, kisha akasema hawezi kuucheza jukwaani. Huyu ni mwigizaji aliyelelewa na jukwaa, na nafasi yenyewe ameandikiwa yeye. Kwa nini aikatae?

Sababu ni ratiba ya Broadway. Katika majumba yale makubwa ya maigizo ya New York mchezo huoneshwa mara nane kwa wiki, yaani jioni sita na mara mbili zaidi mchana. Mhusika aliyeandikiwa, Mabel Longhetti, ni mke wa kibarua wa mjini na mama wa watoto watatu. Akili yake inayumba mbele ya watoto, mume, mama mkwe na daktari, mpaka anapelekwa hospitali kwa miezi sita. Rowlands aliona wazi kwamba mtu hawezi kuingia katika hali hiyo mara nane kwa wiki, mwezi baada ya mwezi, akabaki na afya yake.

Wala hakuwa anabahatisha. Alizaliwa mwaka 1930 huko Wisconsin, akaenda New York kusomea uigizaji kwenye American Academy of Dramatic Arts, na huko ndiko alikokutana na Cassavetes. Walioana mwaka 1954. Mwaka 1956 alipata nafasi iliyomtambulisha: mchezo wa Paddy Chayefsky, Middle of the Night, ambamo alicheza msichana anayependwa na mgane mwenye umri wa kumzaa, aliyeigizwa na nguli Edward G. Robinson. Mchezo huo ulioneshwa Broadway mara 477. Kwa hiyo aliposema nafasi ya Mabel ingemmaliza, alikuwa anazungumza mtu anayeijua kazi ya kurudia machozi yaleyale usiku baada ya usiku.

Cassavetes hakuitupa kazi hiyo. Aliigeuza kuwa filamu, nayo ikatoka mwaka 1974 kwa jina A Woman Under the Influence. Mbele ya kamera tukio gumu hupigwa, likishapatikana limekwisha, mwigizaji anakwenda kulala. Zaidi ya hapo, Cassavetes alipiga matukio kwa kufuata mpangilio wa hadithi, jambo ambalo studio kubwa huliepuka kwa sababu ya gharama. Rowlands hakulazimika kucheza kuvunjika kwa Mabel Jumatatu na kucheza furaha yake ya awali Ijumaa. Alishuka naye ngazi moja moja.

Lakini uhuru huo uligharimiwa na nani? Hapa ndipo maisha ya mwigizaji wa filamu huru, yaani zisizotegemea studio kubwa, yanapoonekana yalivyo. Studio hazikuitaka hadithi ya mwanamke wa makamo anayechanganyikiwa. Cassavetes na Rowlands wakaweka nyumba yao rehani. Rafiki yao Peter Falk, aliyekuwa anapata fedha nzuri kwa kuigiza mpelelezi Columbo kwenye televisheni, akatoa dola 500,000 zake mwenyewe na pia akacheza mume wa Mabel. Baadhi ya mafundi walikuwa wanafunzi wa filamu. Mama mzazi wa Rowlands alicheza mama wa Mabel, na mama yake Cassavetes akacheza mama mkwe. Rowlands alijitengeneza nywele na uso mwenyewe.

Kwa nini wajitese hivyo, wakati wote wawili walishafanya kazi Hollywood? Walikuwa wameonja. Mwaka 1963 ilitoka A Child Is Waiting, filamu ya kampuni kubwa iliyoongozwa na Cassavetes, na Rowlands naye alicheza humo. Mtayarishaji Stanley Kramer aliichukua mikononi mwake akaihariri upya asivyotaka mwongozaji. Baada ya hapo Cassavetes akawa anaigiza katika filamu za wengine, zikiwemo The Dirty Dozen na Rosemary's Baby, na malipo yake akayapeleka kwenye kazi zake. Faces, iliyotoka mwaka 1968, ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, sehemu kubwa ndani ya nyumba yao, na kuihariri kulichukua karibu miaka mitatu. Rowlands alikuwa mjamzito kipindi hicho. Ilipotoka ilipata mapendekezo matatu ya Oscar.

Kuna dhana kwamba waigizaji hawa walikuwa wanabuni maneno papo hapo. Dhana hiyo inamwonea Rowlands. Kazi ya kwanza ya Cassavetes, Shadows, ilijengwa kwa ubunifu wa namna hiyo, lakini mazungumzo ya A Woman Under the Influence yaliandikwa. Walichoachiwa waigizaji ni namna ya kuyafikisha: mikono, pumzi, mahali pa kusimama. Tazama tukio la asubuhi, Falk anapowaleta vibarua wenzake nyumbani na Mabel anawapikia tambi. Anawauliza majina mmoja mmoja, anafurahi kupita kiasi, mkono unajirusha wenyewe, midomo inatoa mlio kama wa mtoto. Mtazamaji anampenda na kumhofia kwa pamoja. Mimi sijaona tukio la mezani lililochezwa vizuri kuliko hilo, na nguvu yake ni kwamba Rowlands haigizi ugonjwa. Anaigiza mwanamke anayejitahidi mno kupendeza watu.

Filamu ilipokamilika hakukuwa na msambazaji. Cassavetes alianza kupiga simu kwa wenye majumba ya sinema mmoja mmoja, na kuipeleka vyuoni. Ilioneshwa kwenye Tamasha la Filamu la New York mwaka 1974, watu wakaanza kujaa. Rowlands alishinda tuzo ya Golden Globe na kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mumewe alipendekezwa kwa uongozaji. Mwaka 1990 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa nchini Marekani.

Na jukwaa je? Alilirudia kwa mlango mwingine. Katika Opening Night ya mwaka 1977 alicheza Myrtle Gordon, mwigizaji maarufu wa jukwaani anayeogopa nafasi ya mwanamke anayezeeka, na ambaye usiku wa onyesho kubwa anafika amelewa hajiwezi. Matukio ya ukumbini yalipigwa Pasadena, California, mbele ya hadhira. Filamu ilimpa tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la Berlin mwaka 1978, lakini Marekani karibu haikuonekana kwa miaka mingi, kwa kukosa msambazaji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dhuluma kubwa katika safari yake ya kazi.

Mwaka 1980 filamu ya Gloria ilimletea pendekezo la pili la Oscar, na Love Streams ya mwaka 1984, ambamo mke na mume walicheza dada na kaka, ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin. Cassavetes alifariki mwaka 1989. Rowlands aliendelea: alicheza abiria wa teksi katika Night on Earth ya Jim Jarmusch, akashinda tuzo nne za Emmy za televisheni, na mwaka 2004 kizazi kipya kikamfahamu kupitia The Notebook, iliyoongozwa na mwanawe Nick. Alicheza mwanamke mwenye ugonjwa wa kusahau. Miaka ya mwisho ugonjwa huo ulimpata mwenyewe. Oscar ya heshima alikabidhiwa mwaka 2015, na alifariki Agosti 2024 akiwa na miaka 94.

Anayetaka kumjua asianze na The Notebook. Aanze na Mabel, kisha siku nyingine aitazame Opening Night, maana zikifuatana hivyo ndipo unapoona alichokataa kukifanya jukwaani na alichokuwa tayari kukifanya mbele ya kamera.