Bayosensa ya umeme: protini iliyofungwa juu ya elektrodi

Mtu mwenye kisukari hujitoboa ncha ya kidole, akagusisha tone la damu kwenye stripu, na baada ya sekunde chache namba inatokea kwenye mashine. Stripu ile ni bayosensa ya umeme, na mpimaji mwenyewe ni protini iliyokaushwa juu ya elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme.

Bayosensa huunganisha vitu viwili: protini inayoweza kuitambua molekuli moja kati ya nyingi zilizomo kwenye damu, na elektrodi inayogeuza utambuzi huo kuwa umeme unaopimika. Kwenye kipimo cha sukari, protini hiyo aghalabu ni kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi. Kikikutana na glukosi, yaani sukari ya damu, huinyang'anya elektroni mbili na kuikabidhi oksijeni, ambayo hugeuka kuwa haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ikifika kwenye platini yenye volti kama 0.6 au 0.7, huziachia elektroni hizo na mkondo unapita. Glukosi ikizidi, mkondo nao unazidi.

Wazo hili lilitolewa Marekani mwaka 1962 na Leland Clark na Champ Lyons, waliokibana kimeng'enya kwa utando mwembamba juu ya elektrodi ya kupimia oksijeni. Mwaka 1967 Updike na Hicks wakakinasa ndani ya jeli.

Kwa nini kibanwe au kinaswe? Kwa sababu kimeng'enya kinachoelea ovyo huchukuliwa na maji, na peroksaidi inayozalishwa mbali na elektrodi hupotea njiani. Kwangu mimi, ufundi wote uko hapa: kuifunga protini isiondoke, bila kuiua. Ukiiacha ijishikize yenyewe juu ya kaboni, kazi ni rahisi, lakini itabanduka kidogo kidogo. Ukiifunga kwa kemikali kama glutaraldehaidi, itashika barabara, ila kifungo kikiangukia pale inapopokelea glukosi, unabaki na protini iliyoshikamana vizuri na isiyofanya kazi. Jeli ni ya upole zaidi, lakini glukosi hukawia kupenya. Juu ya dhahabu hutumika molekuli ndefu zenye sulfuri upande mmoja: sulfuri inang'ang'ania dhahabu, na upande wa pili unaishika protini.

Kuna kikwazo kingine. Ndani ya glukosi oksidesi, sehemu inayopokea elektroni imezama katikati ya protini, kwa hiyo elektroni haziwezi kuruka moja kwa moja hadi kwenye elektrodi. Ndiyo maana stripu nyingi hutiwa kemikali ndogo ya kubeba elektroni. Ferosini ilitumiwa hivyo mwaka 1984. Mbebaji huyo huchukua nafasi ya oksijeni, hivyo kipimo hakitegemei sana kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye damu.

Si kila protini huhamisha elektroni. Kingamwili, protini ya kinga ya mwili, hukamata tu. Ikishakamata molekuli yake, utando juu ya elektrodi unanenepa na umeme unapita kwa shida zaidi. Ukinzani huo ndio unaopimwa. Au huletwa kingamwili ya pili iliyobebeshwa kimeng'enya, nayo ikalifanya tukio lile lionekane kwa mkondo.

Elektrodi haichagui, vitamini C na paracetamol huachia elektroni kwenye volti ileile na kuongeza mkondo usiohusiana na sukari. Lakini hata protini hukosea. Kimeng'enya kingine cha stripu, glukosi dihaidrojenesi cha aina ya PQQ, hakitofautishi glukosi na maltosi, ambayo ni sukari nyingine. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya stripu hizo: wagonjwa waliosafishwa damu kupitia tumbo kwa maji yenye ikodekstrini, ambayo mwilini huvunjika kuwa maltosi, walisomeka kuwa na sukari nyingi wakapewa insulini, ilhali sukari yao halisi ilikuwa chini. Wengine walifariki. Mashine zilikuwa zimehesabu elektroni sawasawa. Kimeng'enya ndicho kilichozichukua kwa molekuli isiyotakiwa.