Je, wajua kwa nini jiko la kuni ndani ya gari haliui kama jiko la mkaa chumbani?

Aliyekulia Makete au Limuru anaijua habari hii bila kusimuliwa. Baridi imekaza, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, na upenyo wa chini ya mlango anauziba kwa kanga kuukuu. Asubuhi majirani wanavunja mlango.

Sasa nenda Uingereza mwezi wa Januari. Utakuta watu walionunua vani ya mizigo, Mercedes Sprinter au Ford Transit, wakaigeuza nyumba ya kutembea nayo. Ndani yake, hatua mbili kutoka kitandani, kuna jiko dogo la chuma linalokula kuni. Mvua inapiga nje, milango imefungwa, birika linaimba juu ya jiko. Chumba chao ni kidogo kuliko kile cha Makete, na bado wanaota moto jioni nzima, kesho yake wanaendelea na safari.

Utasema ni dohani, na hujakosea. Ila dohani peke yake haitoshi, na wanaodhani inatosha ndio wanaopata ajali.

Tuanze na kinachoua. Kuni au mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anapata usingizi, na kwa kuwa ni usiku haoni ajabu kupata usingizi. Jiko letu la mkaa humwaga gesi hiyo yote chumbani. Jiko la garini limefungwa pande zote, lina mlango wenye kioo na kamba ya kuziba pembeni, na njia pekee ya kutokea ni bomba la moshi linalopenya paa.

Nani anaisukuma gesi ipande bombani? Hakuna feni humo. Hewa yenye joto la nyuzi 200 ina uzito wa karibu theluthi mbili tu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo inapanda, na nyuma yake inavuta nyingine. Lakini mvuto wenyewe ni mdogo mno. Bomba la mita 2, na vani haiwezi kubeba refu zaidi ya hapo kwa raha, linavuta kwa nguvu ya takribani paskali 10. Ukinyonya maji kwa mrija wa soda kwa nguvu hiyo, yatapanda milimita 1 tu.

Hiyo milimita moja ndiyo inayomtenga mlalaji na mauti. Kila kitu kingine katika ufungaji wa jiko ni kuilinda isipotee.

Adui yake wa kwanza ni gari lenyewe kukosa pa kupumulia. Kilo 1 ya kuni kavu inahitaji mita za ujazo 4 hadi 5 za hewa ili iungue, na kwa kawaida jiko huvuta karibu mara mbili ya hizo. Jiko la kilowati 3 hula kilo hiyo kwa saa moja hivi. Pima ndani ya vani ndefu, toa kitanda na makabati: utabaki na mita za ujazo kama 10. Maana yake, kila saa jiko linakunywa hewa yote ya nyumba. Isipoingia nyingine, mvuto unakufa na moshi unarudi ulikotoka. Ndiyo maana mafundi hutoboa tundu sakafuni karibu na jiko, wakaweka wavu wa kuzuia panya na matope, na kulipeleka mbali na ekzosi. Tundu hilo halina kifuniko, kwa makusudi. Likiwa na kifuniko, usiku wa baridi kali mtu atakifunga. Binadamu ndivyo alivyo, ni yule yule wa kanga chini ya mlango.

Adui wa pili watu humnunua wenyewe: feni ya paani ya kutolea mvuke wa mapishi. Ina nguvu kuliko bomba la moshi. Iwashe huku madirisha yamefungwa, nayo itanyonya hewa kutoka mahali rahisi kuliko pote, yaani kupitia dohani, kinyumenyume.

Adui wa tatu ni wakati wa kulala. Mtu anaona moto umekolea, anabana tundu la hewa la jiko ili kuni zidumu hadi alfajiri. Moto unafifia, bomba linapoa, mvuto unapungua, na kuungua vibaya kunaongeza kaboni monoksidi. Mambo yote mabaya yanakutana saa ambayo hakuna aliye macho. Wenye uzoefu huacha moto ufe kabla ya kuvuta blanketi. Juu ya hayo huweka kengele ya kaboni monoksidi, ile iliyotengenezwa kwa kiwango cha EN 50291-2, kinachohusu magari ya kulala na boti. Gesi ikifika sehemu 300 katika milioni, kengele hiyo inapaswa kulia ndani ya dakika 3. Kwenye mito na mifereji ya Uingereza, boti zenye sehemu ya kulala zilianza kulazimishwa kuwa na kengele mwezi wa Aprili 2019. Kwa kweli mafundi wa vani wamejifunza mengi kwa watu wa boti. Mwongozo wanaoufuata wengi, BS 8511 wa mwaka 2010, uliandikwa kwa ajili ya vyombo vya majini.

Hatari ya gari kuwaka moto, ambayo ndiyo kila mtu huiogopa kwanza, ni rahisi kuielewa zaidi. Ubao haungoji kuguswa na mwali. Ukipashwa joto siku baada ya siku huanza kuungulia ndani, na kila mara unakuwa mwepesi zaidi kushika moto. Kugongelea bati juu ya ubao hakusaidii, kwa sababu bati hupitisha joto kama sufuria. Kinachosaidia ni nafasi: kibao kisichoungua kinasimamishwa sentimita 2 au 3 mbele ya ukuta, kikiwa wazi chini na juu, hewa ipite nyuma yake na kubeba joto. Bomba la ukuta mmoja nalo, kwa kanuni za majengo za Uingereza, linatakiwa kuwa mbali na ubao usiokingwa mara tatu ya kipenyo chake. Bomba la milimita 100, umbali wa milimita 300. Katika vani nafasi hiyo ni dhahabu. Basi bomba linapokaribia paa hubadilishwa likawa la kuta mbili zenye kizuia joto katikati, na sponji za dari zinakatwa zikae mbali. Wengi huchagua sufu ya kondoo badala ya sponji za plastiki, maana sufu ni ngumu kuwaka.

Kisha kuna jambo ambalo nyumba haina: gari hutikisika. Simenti ya jiko hupasuka kwa mashimo ya barabara, hivyo maungio ya bomba huzibwa kwa kamba ya kustahimili moto, na miguu ya jiko hufungwa kwa bolti hadi kwenye chesisi. Ncha nyembamba ya kila kipande cha bomba hutazama chini, ili lami ya kuni mbichi irudi jikoni badala ya kuchuruzika nje ya bomba. Na hakuna kuendesha huku moto unawaka. Waroma wa Uingereza, jamii ya wahamaji waliosafiri na magari ya farasi yenye majiko tangu karne ya 19, waliweka dohani upande wa kulia. Kule hupita kushoto, na matawi ya miti ya kando ya barabara yangelivunja.

Limebaki jivu. Bibi zetu walifukia makaa kwenye jivu usiku ili asubuhi wasiende kuomba moto kwa jirani, na makaa yaliamka mazima. Ndoo ya jivu la jana iliyowekwa chini ya kitanda inafanya kazi ileile, inapumua gesi ileile, na haina dohani. Iwe ya chuma, ifunikwe, ilale nje.