Mawasiliano saidizi na mbadala: maana yake na namna yanavyofanya kazi

Mawasiliano saidizi na mbadala ni njia zote anazotumia mtu kujieleza pale usemi wake hautoshi au haupo kabisa. Huitwa saidizi yanapoongezea nguvu usemi usioeleweka vizuri, na mbadala yanaposhika nafasi ya usemi wote. Huwafaa watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji wasiozungumza, waliopatwa na kiharusi na wenye maradhi ya neva. Kushindwa kutamka hakuna maana kwamba mtu haelewi, na hapo ndipo wengi huonewa.

Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, alipoteza sauti mwaka 1985 alipougua nimonia na kutobolewa koo ili apumue. Mwanzoni alitumia kadi ya herufi: msaidizi akionyesha herufi, yeye akiinua nyusi kwenye ile anayoitaka. Baadaye akapata programu ya kompyuta aliyochagulia maneno kwa kubonyeza swichi mkononi. Mkono ulipodhoofika, kitambuzi kwenye miwani yake kikawa kinasoma mtikisiko wa msuli wa shavu. Watu wanaikumbuka ile sauti ya kompyuta, lakini kazi yote iliegemea msuli mmoja na mpango mzuri wa kuchagua.

Hata bila umeme kanuni ni ileile. Karatasi ya picha na herufi huwekewa plastiki stesheneri, ikafungwa kwenye kimeza cha kiti cha magurudumu. Anayeweza kunyoosha kidole anagusa. Asiyeweza, mwenzake hupitisha kidole polepole: "Safu ya kwanza? Ya pili?" Akitazama juu, ni ndiyo, wanaingia kwenye safu hiyo, herufi moja moja. Upo pia ubao wa plastiki angavu unaoshikwa katikati ya nyuso mbili: mmoja anatazama herufi, mwingine upande wa pili anayafuata macho yake. Kishikwambi kinachosoma macho hufanya hivyohivyo kwa kamera na mwanga wa infraredi, ila familia nyingi haziimudu bei yake.

Ninachokiona kikubwa kuliko kifaa ni maneno yanayowekwa ndani yake. Mbao nyingi zina chakula, maji, choo na kulala, basi. Mtoto huyo anaweza kuomba tu. Hawezi kusema "sitaki", "acha", "kwa nini", "inauma hapa", wala kumtania kaka yake. Mtu asiye na namna ya kukataa, wala ya kueleza nani kamfanyia nini, yuko hatarini. Maneno hayo yawekwe tangu siku ya kwanza.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake. Programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na picha moja ya kula kwetu haitoshi: nimekula, utakula, hajala na wamelishwa ni habari nne. Kwa hiyo ubao wa Kiswahili unahitaji viambishi vya mtenda "ni", "u", "a", "tu", "m", "wa", pamoja na vya wakati "na", "li", "ta", "me" na cha kukanusha "ha", ili mwenye ubao ajijengee kitenzi. Hata programu za kubashiri neno kwa herufi za mwanzo hubabaika, kwa kuwa vitenzi vyetu vingi huanza na silabi zilezile.

Wazazi wengi huhofia kwamba mtoto akizoea picha hatazungumza tena. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Baadhi ya watoto huongeza hata maneno ya kutamka. Wasianze kwa kusubiri fedha za kishikwambi. Karatasi na kalamu zinatosha kuanzia leo.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Haki hiyo inahitaji msikilizaji, kwa sababu sentensi moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. Daktari amwulize mwenye ubao, si aliyemsukuma kiti. Asimmalizie neno asipoombwa, na asiendelee na swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa.