Shafti Haichomelewi: Kutengeneza Vyuma vya Mazoezi Kwenye Karakana ya Nyumbani

Shafti ya kwanza niliyouza, ile fimbo ya chuma ya kunyanyulia uzito, ilidumu wiki sita. Haikupinda, ilikatika kama muwa. Kijana aliyekuwa akiinyanyua aliishusha kwa kishindo, upande mmoja ukatangulia kugusa sakafu, na pleti za kulia, zile duara za uzito, zikabiringika mpaka ukutani zikiwa bado zimevaa kipande cha chuma. Hakuumia. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba siku ile hakuwa amelala kwenye benchi.

Aliniletea vipande vyote viwili nyumbani Tabata, Dar es Salaam. Nikavitoa nje juani nikatazama pale palipokatika. Pembeni kulikuwa na alama nyembamba yenye umbo la mwezi mchanga, imeshika kutu. Sehemu iliyobaki ilikuwa mpya, inang'aa, ina punje punje kama sukari. Maana yake ufa ulikuwepo muda mrefu, unyevu ulishaingia, na siku ile chuma kilimalizia tu safari yake. Na ule mwezi wa kutu ulianzia pale pale nilipochomelea pete ya kuzuia pleti zisije katikati.

Nikavifunga kwenye gunia nikaenda mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja mkerezaji ambaye sote tunamwita Babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mkato. "Hiki waliokuuzia walikwambia ni chuma gani?"

"EN19."

"Ukakichomelea kikiwa baridi?"

Nikanyamaza.

"Basi hukukichomelea, mwanangu. Umekitia ufa."

Chuma laini, kile cha mageti na madirisha, kina kaboni kidogo, kwa hiyo ukikichomelea kikapoa haraka kinabaki kile kile. Chuma cha shafti kina kaboni nyingi zaidi, na EN19 imeongezwa kromu na molibdenamu. Kikipata joto la kuchomelea halafu kikapoa ghafla, ile sehemu ya milimita chache kandokando ya mshono inakuwa ngumu na kavu kama kioo. Ukiongeza unyevu uliomo kwenye fimbo za kuchomelea zisizokaushwa, ufa unaweza kuzaliwa usiku huo huo wewe umelala. Njia ya kukichomelea ipo: ukipashe moto kwanza mpaka nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, utumie fimbo sahihi zilizokaushwa, kisha ukipooze polepole. Mimi nimechagua njia nyepesi. Shafti siichomelei kabisa, wala sigusishi fimbo juu yake hata kwa kujaribu kama inawaka.

Watu wengi wanaonipigia simu huanza kuuliza habari za pleti. Pleti ni uzito tu. Vijana wa mitaani wamejenga vifua kwa zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi, na zege lile halina kosa lolote. Kosa huwa kwenye bomba la maji lililopitishwa katikati ya makopo hayo. Uzito unaweza kuwa wa kitu chochote, ila kinachoubeba juu ya shingo ya mtu hakiwezi kuwa cha chochote.

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Eleiko, kampuni ya Halmstad, Sweden, ambayo leo jina lake liko kwenye mashindano makubwa ya dunia, ilikuwa ikitengeneza vifaa vya umeme vya jikoni. Mfanyakazi wake mmoja alikuwa mnyanyuaji, amechoshwa na vyuma vinavyopinda na kukatika, ndiye aliyewashawishi watengeneze cha kwao mwaka 1957. Mwaka 1963 kikatumika kwenye mashindano ya dunia ya Stockholm. Walianza pale pale tunapoanzia sisi: chuma kilichokatika na mtu aliyekasirika.

Sasa hesabu, na ukiielewa hii utajua kwa nini siuzi shafti ya chuma laini kwa mtu mzima. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Unyanyuaji Uzani zinataka chuma cha wanaume kiwe na kilo 20, urefu wa mita 2.2 na unene wa mm 28 mahali pa kushika. Cha wanawake ni kilo 15, mita 2.01 na mm 25. Chukua hiyo ya mm 28. Weka kilo 100 kila upande, ibebe mabegani. Kutoka bega mpaka katikati ya mzigo ni kama nusu mita, hivyo shafti inakunjwa kwa nguvu ya takribani nyutoni mita 490. Ukigawa kwa kipimo cha mduara wa mm 28 cha kukataa kukunjwa, unapata mkazo wa karibu megapaskali 228. Chuma laini huanza kupinda bila kurudi kwenye 250 hivi. Hapo umesimama tu, umetulia. Ukipiga skwati, yaani ukachuchumaa na mzigo, ukasimama kwa kasi, au ukauangusha mzigo kwenye stendi, mkazo unaongezeka mara moja na nusu, mara mbili. Ndiyo maana chuma kile kinarudi kwa fundi kikiwa na tumbo la upinde.

EN19 iliyokwisha kupikwa kiwandani inavumilia zaidi ya megapaskali 600 kabla ya kupinda. EN8, chuma kingine cha shafti, iko katikati, na kwa jimu ya nyumbani ambako hakuna anayepita kilo 120 naikubali. Nondo nazo huulizwa sana. Ni kweli nondo ya ujenzi ina nguvu kuliko chuma laini, lakini meno yake huchana viganja, na ukiyasaga kwa grenda unabaki na kitu kisicho duara ambacho bushi, ile pete inayozunguka juu ya shafti, haikikubali. Nondo nawaachia wajenzi.

Kama sitachomelea, pleti zinazuiwaje? Shafti naipeleka kwa Babu, anapunguza ncha zote mbili kutoka mm 28 hadi 25 kwa urefu wa sentimita 42 hivi. Pale unene unapobadilika panabaki bega, na bega hilo ndilo linalozuia bomba la pembeni, lile linalovaa pleti, lisiingie ndani. Ila kona ya bega isiwe kali. Kona kali kwenye chuma kigumu ni ufa unaosubiri siku yake. Namwomba aache mviringo, na kabla ya kulipa napitisha kidole: kidole kikikwama, shafti inarudi kwenye mashine.

Bomba la pembeni ni bomba la maji la inchi moja na nusu, lile zito. Jina linasema inchi moja na nusu lakini kwa nje lina mm 48.3, hivyo pleti yenye tundu la mm 51 inaingia bila kulazimishwa. Vyuma vya mashindano vina mm 50 kamili. Hiyo tofauti nyumbani haina madhara. Ndani ya bomba kuna mshono wa kiwandani uliojitokeza, lazima ukerezwe uishe, la sivyo bushi itakaa upande. Naweka bushi mbili kwa kila bomba, moja kila mwisho. Za bronzi ni ghali na zinadumu, za nailoni zinatosha kuanzia. Mwishoni mwa shafti tunachimba tundu, tunakata meno ya M12, nafunga bolti na washa nene. Bomba linazunguka lenyewe. Hiyo si mapambo: mzunguko ndio unaoziokoa mikono ya mnyanyuaji, kwa sababu pleti nzito hazigeuki haraka kama viganja vyake.

Pete ya kuzuia pleti inachomelewa kwenye bomba hilo, chuma laini kwa chuma laini, kabla bomba halijavishwa shafti. Hapa kuna jambo nataka kila kijana wa karakana alisikie. Bomba la maji limepakwa zinki, na ukilichomelea linatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni unapata homa, baridi, kifua kizito, mdomo una ladha ya chuma. Tumezoeshwa kunywa maziwa kama dawa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi ulikwenda kwenye mapafu, na havikutani. Saga zinki yote sentimita tano kila upande wa mshono mpaka uone chuma kitupu, chomelea nje penye upepo, na kaa upande upepo unakotoka.

Ukishamaliza, pima chuma chako kwenye mizani. Uzito wa chuma cha duara kwa mita ni unene kwa milimita, zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 162. Shafti ya mm 28 ni kilo 4.84 kwa mita, kwa hiyo mita 2.2 ni kilo 10.6, na ukizipunguza ncha inashuka kidogo zaidi. Bomba ni jepesi, kila kipande kama kilo moja na nusu. Chuma changu hutoka na kilo 15 au 16, si 20, na namba halisi naigonga kwa patasi za namba kwenye pete. Mtu anayeongeza uzito wiki kwa wiki anastahili kujua anachokibeba.

Kwa pleti sitakaa sana. Ukipata bamba la mm 16, kata duara la mm 453 lenye tundu la mm 51, utapata kilo 20. Bamba la mm 12, duara la mm 371, ni kilo 10. Bamba la mm 10, duara la mm 289, ni kilo 5. Moto wa gesi unakula ukingo, kwa hiyo kata kubwa kidogo kisha usage huku ukipima. Cha muhimu kuliko kilo kamili ni pacha zilingane, maana mgongo unahisi tofauti ya kushoto na kulia kabla mizani haijakwambia. Rangi za mashindano ni nyekundu kwa 25, bluu kwa 20, njano kwa 15, kijani kwa 10. Zifuate, hazina gharama ya ziada. Kama bamba ni ghali, mwaga zege: kilo 20 kwa upana wa sm 45 itakuwa na unene wa sentimita tano na kidogo, iviringishie ukanda wa tairi.

Stendi ya skwati ndiyo inayonikosesha usingizi baada ya shafti. Natumia skwea paipu za 75 kwa 75 zenye ukuta wa mm 3 kwa nguzo, 50 kwa 50 za mm 3 kwa viunganishi. Neno "mm 3" usilichukue dukani kwa imani. Nenda na kalipa, au omba paipu iwekwe kwenye mizani: 50 kwa 50 ya mita 6 yenye ukuta wa mm 3 ina karibu kilo 26. Ikisoma 18, ni ya mm 2. Niliwahi kuletewa stendi nzima kurekebisha, nguzo imejikunja kwenye tundu la pini, nikaikata nikakuta ukuta wa mm 1.6. Aliyeijenga alichomelea vizuri mno. Mishono yote ilikuwa mizima.

Matundu ya pini yapishane sentimita 5, na kuanzia kimo cha benchi mpaka juu ya kifua cha mtu aliyelala yapishane sentimita 2.5. Hapo katikati sentimita mbili zina maana: vyuma vya usalama, vile vinavyodaka shafti mtu akishindwa, vikikaa juu mno vinamzuia kushusha, vikikaa chini mno shafti inakutana na shingo kabla haijavifikia. Benchi lenyewe ni sm 42 hadi 45 kwenda juu, sm 29 hadi 32 kwa upana. Lisiwe pana zaidi ya hapo hata mteja akitaka "likae kifahari", kwa sababu mabega yanashindwa kurudi nyuma.

Kuchomelea stendi nafanya asubuhi, umeme ukiwa na nguvu. Jioni majirani wakiwasha kila kitu volti zinashuka, mshono unakaa juu ya chuma kama nta na kwa macho unaonekana mzuri. Nashikiza kona zote kwanza, napima ulalo, ndipo nafunga, upande huu kidogo na ule kidogo, maana joto huvuta.

Kabla stendi haijatoka uani naipakia mifuko 6 ya saruji, kilo 300, juu ya vyuma vya usalama, inalala hivyo. Asubuhi napima ulalo tena kwa tepu. Kisha napandisha chuma chenye kilo 100, nakiachia kutoka sentimita 20 juu ya vyuma vile, mara kumi, halafu nakwangua rangi kwenye kila mshono na kuutazama kwa tochi. Stendi ya mwisho niliyoijaribu ilikuwa na ufa wa urefu wa punje ya mchele kwenye kona ya chini kushoto. Nimeikata ile kona, nasubiri umeme wa kesho asubuhi niifunge upya. Mwenye stendi nimeshampigia, amekubali kungoja.