Kijana mtu mzima anapokosa usingizi nyumbani: maswali na majibu

Ana miaka 20, hulala alfajiri na kuamka saa sita mchana. Je, ni uvivu?

Mara nyingi sivyo. Tangu balehe saa ya mwili huanza kuchelewa, na kuchelewa huko hufika kileleni karibu na umri huohuo wa miaka 20, kisha hupungua taratibu. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, kwake hutoka baadaye kuliko kwa mzazi wake. Ukimwamuru alale saa tatu usiku atabaki akitazama dari. Hata hivyo, maumbile hayaelezi yote. Kijana aliyemaliza masomo na hajapata kazi hana kinachomtoa kitandani, na saa ya mwili isiyorekebishwa kila asubuhi huzidi kuchelewa.

Nitajuaje tatizo lake ni lipi hasa?

Muulize: siku ambayo hakuna wa kumwamsha, ukipata usingizi unalala vizuri mpaka unatosheka? Akijibu ndiyo, usingizi wake ni mzima ila saa yake imechelewa. Akisema hujigeuzageuza hata akipanda kitandani saa nane za usiku, au hushtuka mara kwa mara na kushindwa kulala tena, huko ndiko kukosa usingizi kwenyewe. Matatizo haya mawili hayatibiwi kwa njia moja, na juhudi nyingi za familia hupotea hapa.

Ili kupata uhakika, aandike shajara ya usingizi kwa siku 14. Kila asubuhi anaandika saa aliyopanda kitandani, muda anaokadiria ulipita kabla ya kulala, mara alizoamka, saa aliyoamka na kutoka kitandani, na kama alilala mchana. Aandike mwenyewe, tena kwa kukadiria. Kuchungulia saa usiku kucha humfukuza usingizi zaidi. Umri wake unahitaji saa 7 hadi 9 za usingizi.

Kama saa yake imechelewa, tuanzie wapi?

Anzeni na muda wa kuamka, si wa kulala. Usingizi hauamrishwi, lakini kuamka kunaweza kupangwa. Tuseme sasa huamka saa sita mchana na lengo ni saa moja asubuhi. Sogezeni kengele nyuma kwa dakika 30 kila baada ya siku mbili. Safari hiyo itachukua siku 20. Mara anapoamka atoke nje kwa dakika 30, hata kukiwa na mawingu, kwa sababu mwanga wa nje una nguvu mara nyingi kuliko wa taa za chumbani. Jioni ifanyike kinyume: taa zipunguzwe saa moja au mbili kabla ya kulala.

Wengi huharibu hapa kwa pupa, wakimwamsha saa kumi na mbili asubuhi tangu siku ya kwanza. Mwanga mkali unaomfikia mapema mno, wakati mwili wake bado uko katikati ya usiku wake, unaweza kuisukuma saa ya mwili izidi kuchelewa. Kosa la pili ni mwisho wa wiki: akilala mpaka mchana kwa siku mbili, kazi ya wiki nzima huanza kubomoka. Tofauti isizidi saa moja.

Na kama usingizi haumjii kabisa?

Asipolala kwa kama dakika 20, aondoke kitandani, akae penye mwanga hafifu afanye jambo tulivu, arudi macho yanapokuwa mazito. Akikaa kitandani akihangaika kila usiku, ubongo hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaikia. Kwa sababu hiyo hiyo asisomee wala kuchezea simu kitandani.

Pili, apunguze muda wa kukaa kitandani. Shajara ikionyesha analala wastani wa saa 6 ilhali anakaa kitandani saa 9, apewe saa 6 tu: apande saa saba usiku, aamke saa moja asubuhi. Kiasi hiki kisishuke chini ya saa 5 na nusu. Kila wiki pigeni hesabu. Akilala asilimia 85 au zaidi ya muda huo (kwa mfano dakika 310 kati ya 360), aongezewe dakika 15. Mwambieni mapema kwamba wiki ya kwanza atasinzia sana, la sivyo ataacha siku ya tatu. Mwenye kifafa, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au kazi ya udereva au mitambo asijaribu hatua hii bila mtaalamu wa afya.

Vipi kuhusu kahawa, pombe na kulala mchana?

Kafeini hubaki nusu mwilini baada ya takriban saa 5, kwa hiyo kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 8 kabla ya kulala. Pombe humlaza haraka, kisha hukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Akilala mchana, iwe dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri.

Nimpe dawa zangu za usingizi?

Hapana. Dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo hupoteza nguvu ndani ya siku chache na kumwacha mzito asubuhi. Vidonge vya melatonini hutegemea zaidi saa ya kuvimeza kuliko wingi wake, hivyo daktari ndiye apange.

Mimi mzazi nifanye nini bila kumsimamia kama mtoto?

Zungumzeni mchana, kamwe si usiku wa manane. Mwulize anataka umwamshe mara ngapi na kwa namna gani, kisha uishie hapo. Punguza sauti ya televisheni na taa za korido. Usimsalimu kila asubuhi kwa "ulilala?", kwani huko kumhesabia usiku humzidishia hofu.

Lini aende hospitali?

Akikosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Akikoroma huku pumzi ikikatika. Au miguu ikimsumbua usiku, maana huenda ana upungufu wa madini ya chuma. Msingoje iwapo ana huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, anasikia sauti, au halali na bado ana nguvu za ajabu na maneno mfululizo. Akitaja kutaka kufa, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Akirudi nyuma baada ya mitihani au sherehe?

Kesho yake aamke saa ileile, atoke kwenye mwanga, asifidie mchana. Usiku mmoja au miwili hutosha kumrudisha, mradi kengele haikuguswa.