Alama ya kijeshi kwenye kompyuta mpakato
Wanunuzi wengi hapa Kigoma huamini kwamba kompyuta mpakato ya ofisini iliyotangazwa kufaulu majaribio ya MIL-STD-810 ni imara sawa na ile iliyoundwa mahususi kwa kazi za nje, jambo ambalo si kweli. Kiwango hicho cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani ni mkusanyiko wa majaribio mengi, na mtengenezaji ndiye huchagua afanye yapi. Wizara yenyewe haitoi cheti. Kompyuta ya ofisini yaweza kustahimili chai iliyomwagikia kibodi, lakini matundu ya feni yake hubaki wazi kwa vumbi. Kwa afisa anayerekodi takwimu za uvuvi botini Ziwa Tanganyika, nasisitiza aulizie kompyuta yenye kiwango cha kinga cha IP65, yaani vumbi haliingii kabisa na maji yanayorushwa kwa bomba hayaidhuru.