Kubusti gari: cheche itatoka tu, wewe chagua itokee wapi

Ukiunganisha gari zima na gari lililoishiwa chaji ili liwake, yaani kubusti, waya wa mwisho kugusa utatoa cheche. Uwe fundi wa miaka mingi au dereva aliyepata leseni juzi, itatoka. Umeme unakimbia kutoka betri iliyojaa kwenda betri tupu, na pale unapopata njia kamili ndipo panapomulika. Anayekwambia yeye hubusti bila cheche labda hufanya kazi kwenye jua kali asiione. Kilicho mikononi mwako ni kuamua itokee wapi, na karibu kila sharti la kubusti utakalolisikia limeanzia hapo.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Unga Limited hapa Arusha. Kuanzia Juni hadi Agosti simu za alfajiri huwa za aina moja: "Fundi, gari limegoma." Betri nyingi kati ya hizo zilishachoka tangu miezi ya joto, ila zilikuwa zinajikongoja. Joto ndilo linaloila betri kwa ndani. Baridi inakuja kuifichua tu, maana asubuhi ya nyuzi 12 au 13 oili imekuwa nzito, stata (mota inayozungusha injini iwake) inataka nguvu zaidi, na betri yenyewe inatoa pungufu. Gari lililoshinda Moshi mwaka mzima likilazwa Arusha usiku mmoja wa Julai, siri yote hutoka.

Sasa, kwa nini cheche ituhangaishe? Betri ya risasi na asidi ikichajiwa, sehemu ya maji yake huvunjika ikatoa haidrojeni na oksijeni. Hata hizi betri kavu zina asidi ndani, na zina tundu la kupumulia. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, na hatari hiyo inaendelea hadi asilimia 75. Haina rangi wala harufu, na inaanzia hapo hapo juu ya betri, chini ya boneti uliyoinamia. Betri ikipasuka, vipande vya plastiki vinaruka pamoja na asidi ya salfuriki, tena usawa wa uso. Ikikupata machoni au kwenye ngozi, mwagia maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Usisubiri kuona kama itatulia. Hii ndiyo sababu cheche tunaipeleka mbali na betri, kwenye chuma cha injini.

Ila tusikimbilie waya. Washa swichi kwanza, usikilize. Ukisikia tik-tik-tik ya harakaharaka na taa za dashibodi zinafifia, hapo ni betri, au taminali (vile vishikio vya waya kwenye vichwa vya betri) hazishiki vizuri. Ukisikia "tak!" moja nzito halafu kimya, huku taa za mbele zikibaki na mwanga wake uleule, mtuhumiwa ni stata, na utabusti hadi jioni bila mafanikio. Stata ikizungusha kwa nguvu lakini injini haishiki, betri iache, haina kosa. Tafuta upande wa mafuta au plagi.

Halafu fungua boneti, shika taminali kwa mkono ujaribu kuizungusha. Mama mmoja anayeuza nafaka soko la Kilombero aliniita vijana wakiwa wameshambustia IST yake mara kadhaa, linawaka, akizima haliwaki tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa wameniambia ninunue betri nyingine."

Taminali ya hasi ilizunguka kwa vidole viwili. Nilipoivua, ndani ilikuwa na tabaka la kijivu, gumu, halipitishi umeme. Nikaisugua kwa msasa mpaka risasi ikang'aa, nikasugua na kichwa cha betri, nikakaza kwa spana namba 10. Likawaka kwa mguso mmoja. Akaniuliza kama ile hela ya betri nisingependa kuila mimi. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, magadi yaleyale ya makande yanatosha: koroga kwenye maji ya moto, mwagia, yatatoa povu yakiua asidi, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Hakikisha tu hayaingii kwenye vifuniko vya betri.

Sehemu inayofuata naomba uisome polepole, kwa sababu ndiyo inayoleta magari kwangu yakiwa yamevutwa kwa kamba. Gari unaloazima umeme lazima liwe na volti sawa na la kwako. IST, Noah, Haisi, pikapu nyingi, zote ni volti 12. Fuso, Scania na mabasi makubwa ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Ukibusti gari dogo kwa Fuso kwa sababu ndiyo iliyokuwepo karibu, unaweza kuunguza kontroli boksi (kompyuta ya gari), redio na taa kwa pamoja, na betri ndogo itachemka. Dereva wa Fuso atakuwa na nia njema kabisa. Mshukuru, mwambie aendelee na safari.

Mtego uko kwenye Land Cruiser za watalii. Nyingi zina betri mbili chini ya boneti, lakini si zote ni za volti sawa. Baadhi ya zile za dizeli za zamani zilitoka Japani zikiwa na mfumo wa 24. Usihesabu betri, fuata waya unaoziunganisha. Chanya ikienda kwa chanya na hasi ikienda kwa hasi, hiyo ni 12 yenye akiba kubwa. Ukiona waya mfupi mmoja umetoka chanya ya betri ya kwanza ukaingia hasi ya betri ya pili, hiyo ni 24. Mwenye mita apime kwenye ncha mbili za mwisho, amalize ubishi. Na madereva wa utalii mnaonisoma, friji na chaja za kamera za wageni zikila betri usiku kucha pale ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 na baridi yake, asubuhi msiilaumu stata.

Kuhusu waya za kubusti, nyingi zinazotembezwa barabarani ni plastiki nene iliyoficha uzi mwembamba. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200 hivi, na ya dizeli hupita 300 kirahisi. Kuipitisha kwenye uzi huo ni kama kuzima moto kwa mrija wa soda. Kwa petroli ndogo nataka shaba isiyopungua milimita za mraba 16, kwa dizeli 25 na kuendelea. Uinue mkononi kabla hujalipa: shaba ina uzito. Waya ukipata moto unapopiga stata, acha hapo hapo.

Haya, tuunganishe. Magari yakaribiane lakini bodi zisigusane. Yote mawili yazimwe, hendibreki juu, gia kwenye P au frii. Zima taa, feni na redio. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikiingia kati ya chanya na bodi inageuka nyekundu kidoleni kabla hujapiga kelele. Itazame betri iliyokufa. Ikiwa imepasuka, imevimba, inavuja, au inanuka yai viza, safari imeishia hapo. Hiyo haibustiwi, inabadilishwa.

Waya mwekundu unaanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi unaanza kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho inabaki mkononi mwako. Hiyo usiipeleke kwenye betri iliyokufa. Tafuta chuma kitupu cha injini ya gari bovu, bolti nene au ile pete ya kuinulia injini, pasipo rangi wala grisi, mbali na betri, mbali na mipira ya mafuta, mbali na feni na mkanda. Gusa hapo. Cheche itatoka hapo, na hapo hakuna gesi.

Nyekundu inatangulia kwa sababu bodi yote ya gari ni hasi. Ukishafunga nyeusi halafu ile nyekundu ikuponyoke ikagusa bodi, umeipiga shoti betri nzima.

Na usiamini rangi ya waya wa gari. Magari yetu yameshapita mikononi mwa mafundi wengi, na nimeona chanya iliyofungwa waya mweusi kwa sababu mwekundu uliisha siku hiyo. Futa vumbi, tafuta alama ya + kwenye betri yenyewe. Ukigeuza chanya na hasi, dayodi za altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) na fyuzi kuu zinakwenda kabla hujatoa mkono.

Sasa washa gari zima, kanyaga mafuta kidogo lipande juu ya sailensa, yaani ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, ulishike hivyo kama dakika 5. Watu wengi hapa hukosa subira, wanaunganisha na kupiga stata papo hapo, kisha wanasema betri imekufa moja kwa moja. Zile dakika zinaingiza chaji kidogo kwenye betri tupu ili waya usibebe mzigo wote peke yake. Piga stata isizidi sekunde 10, likigoma pumzisha kama dakika moja. Likishika, liache lingurume, washa feni ya hewa ndani ya gari lililokuwa limekufa ili ipunguze mruko wa umeme, ndipo uvue kwa kurudi nyuma: nyeusi ya kwenye injini kwanza, nyeusi ya betri nzima, nyekundu ya betri nzima, mwisho nyekundu ya pale ulipoanzia. Vibano visigusane hata kwa bahati mbaya.

Wenye Prius, kwa nyingi betri ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, lakini chini ya boneti, ndani ya boksi la fyuzi, kuna sehemu ya chanya yenye kifuniko chekundu kwa ajili ya kazi hii. Nyaya za rangi ya chungwa msiziguse kabisa. Na gari lenu msilitoe kubusti la jirani, hasa jirani mwenye dizeli.

Kuna mtindo mmoja umeenea sana, gereji na hata stendi, ambao ningeupiga marufuku ningekuwa na mamlaka. Unachomoa betri ya gari zima, unaifunga kwenye gari bovu, unawasha, halafu injini ikiwa inanguruma unaichomoa na kurudisha betri iliyokufa. Kwa Land Rover ya zamani isiyo na elektroniki pengine ulipona. Betri ndiyo inayomeza mruko wa umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka kutoka 14 hadi makumi kadhaa kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kuua kontroli boksi au dayodi. Gari linaweza kutembea wiki nzima ndipo lianze visa, na hakuna atakayekumbuka siku ile ya kubadilishiana betri. Juu ya hayo, taminali unaichomoa kwa cheche juu ya betri iliyokuwa inachajiwa. Ubaya wote mahali pamoja.

Kusukuma? Gia za mkono, sawa, ukiwa na watu na mteremko usio na msongamano: swichi imewashwa, gia namba 2, klachi chini, likichanganya mwendo unaachia. Kumbuka breki na usukani vitakuwa vizito mpaka injini ishike. Otomatiki haisukumwi ikawaka. Pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini, na injini haizunguki. Mtachoka bure.

Likishawaka, kutoka Sakina hadi mjini kwenye foleni, taa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, hakujairudishia betri kitu cha maana. Endesha nusu saa au zaidi barabara inayofunguka, kwa mfano kuelekea Usa River. Hata hivyo altaneta imetengenezwa kulinda betri iliyojaa. Betri iliyokwisha kabisa inataka chaja, saa nyingi, kwa chaji ya polepole.

Injini ikiwaka, pima kwenye vichwa vya betri. Unataka kuona kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta au mkanda wake una shida, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile. Ikipita 15, regulata (kidhibiti cha volti za altaneta) imeharibika, inaichemsha betri. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, pima tena. 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ikiwa uliichaji vizuri, hakuna kilichoachwa kikiwaka, na bado inaamkia 12.0, hapo ndipo ninapokubali kukuuzia nyingine, na ile ya zamani uje nayo, maana risasi yake inanunuliwa.